Askofu Crowther na Saa ya Dhahabu

Iko desturi ya kale katika Chuo Kikuu cha Oxford, nchi ya Uingereza, ya kumpa heshima mtu ambaye hakusoma hapo hata siku moja, ila kazi yake imewafanya wenye elimu wamtambue kuwa ni mwenzao. Heshima yenyewe ni cheo cha daktari. Asidhani mtu kwamba ni udaktari wa dawa na vidonda. Neno hili asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mwalimu. Katika elimu ya dini hakuna cheo kilicho juu yake chuoni hapo, na vazi lake la sikukuu ni joho jekundu lenye ukingo wa mahameli nyeusi. Basi mwaka 1864 cheo hicho alipewa mgeni kutoka Afrika, mtu mweusi wa nchi ya Wayoruba, ambaye miaka 43 kabla yake alikuwa amefungwa kamba shingoni akiongozwa sokoni kuuzwa. Jina lake Samuel Ajayi Crowther.

Tena mwaka 1880 heshima ya pili ikamfikia. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, kilichoanzishwa mwaka 1830, na ambacho kazi yake ni kukusanya habari za nchi na mito na milima ya dunia, kilimpa saa ya dhahabu kwa ajili ya safari zake katika mto Niger. Chama hiki hakikuwa cha dini. Mabwana wake hawakutazama idadi ya waliobatizwa, walitazama ramani.

Habari za mtu huyu zimesimuliwa mara nyingi kwa kufurahisha tu: mtumwa akawa askofu, na watu wakashangilia, na hadithi ikaisha. Haikuisha hapo. Sehemu iliyobaki ni chungu, na kwa kuwa sisi walimu na watu wa nyumba za Kikristo twapenda kuwasomea watoto sehemu tamu, nimeona heri niandike zote mbili.

Ajayi alizaliwa yapata mwaka 1807 katika mji wa Osogun, nchi ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Alipokuwa na miaka kama 13, mwanzo wa mwaka 1821, mji ule ulivamiwa asubuhi na wateka watu. Vijiko vilikuwa bado jikoni, chakula hakijaiva. Akatekwa yeye, na mama yake, na ndugu zake, na mwisho wakatenganishwa. Kisha ukaanza ule mwendo ambao wazee wa pwani yetu hii nao waliujua, wa kupita mkono hata mkono. Mara moja alibadilishwa kwa farasi. Mwenye farasi akaona hasara, akamrudisha. Mara nyingine akauzwa kwa tumbako na pombe kali. Mwenyewe aliandika baadaye ya kwamba aliwaza kujinyonga usiku, kwa hofu ya kuuzwa kwa Wareno.

Akauzwa kwao vivyo hivyo, akapakiwa Lagos katika merikebu iitwayo Esperanza Felix pamoja na watumwa wengine, jumla yao 187. Tarehe 7 Aprili 1822 merikebu hiyo ikakamatwa na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikizuia biashara ile. Ajayi na wenzake wachache wakachukuliwa ndani ya manowari Myrmidon, na humo wakaona nyama imetundikwa, na mizinga, na risasi za mizinga za mviringo zimepangwa. Wakadhani ile nyama ni ya wenzao, na zile risasi ni vichwa vya watu. Hata walipokaribia wakaona kwato za nguruwe, na ule mviringo ni chuma, roho zikatulia kidogo. Naisimulia habari hii kwa makusudi, maana nahodha wa manowari ile tutamwona tena.

Wakashushwa Sierra Leone mwezi wa Juni. Huko yule kijana akatiwa katika shule ya wamisioni wa C.M.S., ndicho chama kile kile kilichomtuma Dr. Krapf kuja Mombasa mwaka 1844. Siku ya kwanza alipojifunza akaomba nusu peni akanunua karatasi ya alfabeti iwe yake mwenyewe. Na baada ya miezi sita hivi aliweza kusoma Agano Jipya. Tarehe 11 Desemba 1825 akabatizwa, akachukua jina la Samuel Crowther, jina la padre mmoja wa London aliyekuwa katika baraza la C.M.S. Mwaka 1827 ilipofunguliwa shule ya Fourah Bay ya kufundishia walimu, jina lake likawa la kwanza katika orodha ya wanafunzi. Akamwoa Asano, aliyebatizwa Susan, naye alikuwa mateka aliyeokolewa vivyo hivyo baharini.

Sasa tuje kwenye kazi iliyomletea ile heshima ya Oxford, nayo ni kazi ya lugha. Mwaka 1843, ndio mwaka aliowekwa shemasi na padre na Askofu wa London, alitoa kitabu cha maneno ya Kiyoruba. Wengi kabla yake walikuwa wameandika lugha za Afrika, lakini walikuwa wageni wakisikiliza kwa sikio la kigeni. Crowther aliandika lugha ya mama yake. Tena hakuridhika na Kiyoruba cha nyumbani anachokikumbuka mtoto wa miaka 13. Alikaa na wazee, akawauliza, akaandika methali zao. Akasikiliza watu waliposhtakiana, waliposalimiana, walipozika. Aliona ya kwamba mtu hawezi kufasiri neno kuu kama neema au dhambi kwa kutafuta neno moja kinywani mwa mtu mmoja. Ni lazima ajue desturi iliyolizaa neno. Mwaka 1862 nyumba yake ikaungua, na daftari alizokuwa amekusanyia maneno na methali muda wa miaka 11 zikateketea. Akaanza tena. Biblia ya Kiyoruba, ambayo sehemu kubwa yake ni kazi ya mikono yake na nyingine ilisahihishwa naye, ilikwisha katika miaka ya 1880. Pamoja na hayo alitoa kitabu cha kwanza cha kusomea Kiigbo mwaka 1857, na kazi juu ya Kinupe.

Walimu wenzangu watajua uzito wa jambo hili. Tumezoea kusikia kwamba Mzungu fulani alituandikia lugha yetu, na shukrani zetu ziko palepale. Lakini hapa ni Mwafrika aliyekaa mbele ya meza na kalamu, na wenye elimu wa Oxford wakakiri kwamba mbele ya meza ile yeye ndiye mwalimu.

Alipokuwa Abeokuta, mwezi wa Agosti mwaka 1846, mama yake alisikia habari zake akaja kumtafuta. Miaka 25 ilikuwa imepita tangu kamba zilipowatenga. Hawakuweza kusema neno. Walishikana mikono wakatazamana, machozi yakawatoka, na mama akawa anamwita kwa majina ya utoto aliyozoea kuitwa na bibi yake. Jina la mama huyu lilikuwa Afala. Mwaka 1848 akabatizwa Hana, naye mwanawe ndiye aliyemfundisha.

Mwaka 1851 Crowther alifika Uingereza tena, akapelekwa nyumbani kwa Malkia Victoria kueleza habari za Lagos na biashara ya watumwa. Jioni ile alisimama na Prince Albert wakitazama ramani ya Afrika mezani, akieleza miji na njia, na karibu yao alikuwapo mama mmoja aliyeuliza maswali mengi. Crowther akajibu kwa ufasaha, bila hofu. Hata aliposikia mama yule akiitwa kwa heshima ya kifalme, ndipo akatambua ni Malkia mwenyewe, na ulimi ukawa mzito. Malkia akamtaka aseme Sala ya Bwana kwa Kiyoruba, akasema ni lugha laini, yapendeza masikioni.

Tufike sasa mwaka 1864. Katibu wa C.M.S. aliitwa Henry Venn, mtu aliyetangulia wakati wake. Yeye aliona ya kwamba misioni ni kama jukwaa la mwashi: nyumba ikiisha, jukwaa huondolewa. Kanisa la Afrika lijitawale, lijilishe, na lijieneze lenyewe. Kwa hiyo akataka awepo askofu Mwafrika, na akamtaka Crowther. Crowther alikataa, alijua ya kwamba kati ya wamisioni wa Kizungu waliokuwa katika nchi ya Wayoruba, wako wasiokubali kuwekewa mtu mweusi juu yao. Venn akamsihi kama baba amsihivyo mwana, naye akakubali.

Tarehe 29 Juni 1864, Sikukuu ya Mtakatifu Petro, akawekwa wakfu katika Kanisa Kuu la Canterbury na Askofu Mkuu Longley. Kanisa lilijaa pomoni. Katika umati ule alikaa mzee mmoja, Amiri Jeshi wa bahari Sir Henry Leeke. Huyu ndiye aliyekuwa nahodha wa Myrmidon mwaka 1822, aliyemtoa Ajayi katika tumbo la merikebu ya watumwa. Alikuwepo na mama mzee, mke wa Askofu Weeks marehemu. Husimuliwa ya kwamba aliingia akaketi mbele, na alipoulizwa kibali chake akajibu kuwa anaona anayo haki ya kuketi hapo, kwa kuwa mtu yule anayewekwa uaskofu leo yeye ndiye aliyemfundisha a, be, che. Wakamwacha. Mimi katika habari zote za siku ile naipenda hii zaidi.

Mwaka huo huo ndipo Oxford ikampa udaktari. Ili msomaji apime jambo hili, na akumbuke ya kwamba kijana wa kwanza Mwafrika mweusi ajulikanaye kuingia Oxford kama mwanafunzi, Christian Cole wa Sierra Leone, aliingia mwaka 1873. Kwa hiyo chuo kilimwita Mwafrika daktari miaka tisa kabla ya Mwafrika kuketi darasani mwake.

Lakini tazama waraka wa uaskofu wake. Hakupewa Lagos, wala Abeokuta, wala mji wowote uliokuwa na wamisioni wa Kizungu. Alipewa kuwa Askofu wa nchi za Afrika ya Magharibi zilizo nje ya mipaka ya utawala wa Kiingereza, maneno makubwa ambayo maana yake ni hii: pwani ya mito ya mafuta na ukingo wa mto Niger, nchi ambayo kufika kwake ni kwa meli tu, na askofu mwenyewe hana meli. Muda wa miaka mingi alikaa Lagos, nje ya eneo lake, akingoja meli za wafanya biashara zimpandishe mtoni mara moja kwa mwaka maji yanapojaa, na zimteremshe kabla hayajapungua. Hata mwaka 1878 ndipo ilipopatikana meli ya misioni, ikaitwa Henry Venn. Katika kumheshimu walimpa shamba kubwa, ila jembe hawakumpa. Jambo hili litazamwe vizuri, maana litarudi.

Na sasa ile saa ya dhahabu. Crowther aliingia mto Niger mara ya kwanza mwaka 1841, katika safari kubwa ya Serikali ya Uingereza. Wazungu 145 walikwenda. Homa iliwashika wapata 130, na wapata 40 wakafa. Watu Ulaya wakasema mto ule ni kaburi. Mwaka 1854 akaenda mara ya pili na Dr. Baikie katika meli Pleiad. Dr. Baikie aliwanywesha watu wake kwinini kila siku kabla ya homa kuwashika. Wakapanda Niger, wakaingia mto Benue mbali kuliko meli yoyote kabla yao, wakarudi na hakufa hata mmoja kwa homa. Crowther aliandika daftari ya safari hiyo siku kwa siku, ikatolewa kitabu mwaka 1855. Mwaka 1857 akapanda tena katika Dayspring, na njiani wakasimamisha kituo cha Onitsha, wakamwacha hapo padre John Christopher Taylor, mwana wa Waigbo waliookolewa utumwani. Mbele zaidi, karibu na Jebba, meli ikapasuka juu ya mawe, nao wakakaa ufukoni miezi mingi. Tena toka Novemba 1871 hata Februari 1872, akiwa mtu wa miaka sitini na zaidi, alisafiri kwa nchi kavu toka Lokoja mpaka Bida, na kutoka huko mpaka Lagos pwani. Mwaka 1877 maelezo yake juu ya mto Niger yakachapishwa katika kumbukumbu za Chama cha Jiografia.

Katika safari hizi alitekwa mara ya pili. Mwaka 1867 mkuu mmoja karibu na Idah, jina lake Abokko, alimkamata yeye na mwanawe Dandeson, akataka fidia. Balozi mdogo wa Kiingereza aliyekwenda kuwatoa, Bwana Fell, alipigwa mshale wa sumu akafa. Ndiyo kusema dhahabu ile haikuwa ya bure.

Chama hiki cha Jiografia watu wa Afrika ya Mashariki walikifahamu. Livingstone alipokufa kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873, watu wake, kina Susi na Chuma na Jacob Wainwright na wenzao, waliuchukua mwili wake zaidi ya maili 1,000, mwendo wa miezi tisa hivi, mpaka Bagamoyo. Chama kikafanyiza nishani kwa ajili yao. Lakini zilipofika Unguja wengi wao walikwisha tawanyika, kila mtu kwenye riziki yake. Wale walipewa kwa uaminifu wa kubeba. Crowther alipewa kwa elimu ya alichokiona na kukiandika, na tofauti hii si ndogo: siku zile ilikuwa kawaida safari ihesabiwe kuwa ya Mzungu aliyeongoza, na Mwafrika aliyejua njia na lugha aandikwe katika hesabu ya wapagazi, kama akiandikwa.

Basi mtu akisimama hapo, mwaka 1880, atasema mzee huyu amefika. Daktari wa Oxford. Saa ya dhahabu mfukoni. Mzaliwa wa Osogun ambaye Malkia amemsikiliza. Makanisa yamesimama Onitsha, Lokoja, Brass na Bonny. Huko Bonny watu waliwahi kuwaabudu kenge, na aliyemwua kenge alikuwa hatarini. Mwaka 1867 kwa amri ya mfalme wao kenge wale wakaondolewa mjini.

Lakini Henry Venn alikuwa amekufa mwaka 1873, na waliokuja baada yake hawakuiamini fikira yake. Nyakati zilikuwa zimegeuka. Mataifa ya Ulaya yalianza kuigawanya Afrika, kampuni za biashara zilitaka mto Niger, na kwinini ilikuwa imeufungua mto kwa Wazungu ambao zamani homa iliwazuia. Ikaja kutoka Uingereza safu mpya ya vijana, wengi wao wenye bidii kali ya dini na elimu nzuri, nao walipopima kazi ya wale mapadre na walimu wa Sierra Leone wakaiona imepungua kila upande.

Haki itendeke pande zote. Makosa yalikuwapo. Miongoni mwa watumishi wa Askofu wako waliofanya biashara kuliko kuhubiri, na wako walioanguka vibaya zaidi ya hapo. Askofu mwenyewe alikuwa mpole kupita kiasi, mwepesi wa kuamini neno la mtu, mzito wa kufukuza. Lakini nauliza, mtu mmoja asiye na meli, aonaye vituo vyake mara moja kwa mwaka, angaliwasimamiaje watumishi walioenea mamia ya maili mtoni? Waliompa shamba bila jembe ndio sasa waliokuja kuhesabu magugu.

Mwezi wa Agosti 1890 halmashauri ya fedha ya misioni ilikutana Onitsha. Mwenyekiti wake alikuwa Askofu, mzee wa miaka 80 na zaidi. Mbele yake waliketi wamisioni ambao kwa umri wangeweza kuwa wajukuu zake. Wakatoa mashtaka juu ya watumishi wake mmoja mmoja, hata mwanawe Arkidiakono Dandeson hakusalimika. Na katibu wa halmashauri, Mwingereza, akashika kwamba anayo amri ya kuwasimamisha kazi makasisi. Askofu akauliza: je, ni katibu peke yake awezaye kufanya hivyo, na askofu kazi yake ni ipi? Jibu lake hakulipata lililomridhisha. Akajiuzulu katika halmashauri ile, akatoka.

Mwezi wa Desemba mwaka uliofuata, tarehe 31, akafa Lagos kwa kiharusi.

Hapa ndipo moyo wa habari. Wale vijana walijua kwamba ni daktari wa Oxford; walijua habari ya saa; kila mtu katika C.M.S. alijua, maana jina lake lilikuwa likitumika miaka mingi katika mikutano ya kuchangisha fedha. Na hayo yote hayakumpa katika chumba kile cha Onitsha hata neno moja la mwisho. Wenye elimu wa ugenini walimheshimu kwa sababu hawakuhitaji kutawaliwa naye. Akisha kuondoka Oxford, hakuna mtu pale aliyepungukiwa na kitu. Lakini kumwheshimu katika halmashauri, mahali panapoamuliwa fedha na kazi na nani amwamuru nani, hiyo ni heshima ya namna nyingine, na bei yake ni kubwa kuliko dhahabu. Mimi siwalaumu watu wa Oxford wala wa Chama cha Jiografia; walitoa walichokuwa nacho, nacho kilikuwa cha kweli. Nasema tu kwamba twafanya kosa tukihesabu ya kwamba aliyepewa joho amekwisha pewa na kiti.

Matokeo yake yalikuwa marefu. Mahali pake aliwekwa Mwingereza, Joseph Sidney Hill, aliyekufa Lagos Januari 1894 kabla hajakaa. Waafrika Oluwole na Phillips waliwekwa mwaka 1893 kuwa maaskofu wasaidizi tu. Makanisa ya Bonny na jirani zake hayakuvumilia. Mwaka 1892 yakajitangazia kujiongoza na kujilisha yenyewe chini ya Arkidiakono Dandeson, bila kuliacha Kanisa la Kianglikana, na yakastawi. Hata katika miaka ya 1950 ndipo Mwafrika aliposhika tena dayosisi ya Kianglikana huko Nigeria kwa jina lake mwenyewe. Kwetu Afrika ya Mashariki Mwanglikana wa kwanza mweusi kuwekwa uaskofu alikuwa Aberi Balya wa Uganda, mwaka 1947, naye alikuwa msaidizi. Kisha mwaka 1955 wakawekwa pamoja Namirembe akina Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya na Yohana Omari wa Tanganyika. Wazee waliokuwapo siku ile Namirembe walisema ni jambo jipya. Lilikuwa na umri wa miaka 91.

Mbegu nyingine ilichipua mahali pasipotazamiwa. Abigail, binti Crowther, aliolewa na padre Macaulay, aliyeanzisha shule ya sekondari ya C.M.S. Lagos mwaka 1859. Na mwaka ule ule wa 1864, mwezi wa Novemba, wakazaa mtoto, Herbert Macaulay. Huyo alikua akawa mwiba kwa Serikali ya kikoloni, na Wanigeria humhesabu kuwa baba wa siasa ya uhuru wao. Alikuwa kijana mzima siku babu yake alipotoka katika kikao cha Onitsha.

Tarehe 29 Juni 2014, miaka 150 kamili tangu kuwekwa wakfu kwake, palifanyika ibada katika lile Kanisa Kuu la Canterbury, na Wanigeria wengi walikuwapo. Askofu Mkuu Justin Welby alisema waziwazi mbele yao ya kwamba Kanisa la Uingereza lina deni la kuomba radhi: mtu huyu aliwekwa kwa haki kuwa askofu, kisha akasalitiwa na kudhoofishwa, na jambo hilo lilikuwa ovu. Toka Agosti 1890 mpaka siku ile ni karibu miaka 124.

Alizikwa kwanza katika makaburi ya Ajele, Lagos. Katika miaka ya 1970 makaburi yale yalipobomolewa, mifupa yake ikatolewa, ikahamishiwa Kanisa Kuu la Kristo, Marina, karibu na ufuko ule wa Lagos ambako mtoto Ajayi alipakiwa melini mwaka 1822.